Mkojo Safi wa Kanali Dragomir

Waliosema asiyekubali kushindwa si mshindani hawakuwahi kumwona Verlin Stiltner, lakini ni kama walimpima wakamshonea. Kwa miaka ishirini na miwili Verlin alikubali kushindwa mara nne kwa juma, na Jumamosi mara mbili, katika kumbi za pande zote mbili za Mto Ohio, mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wamwone akishindwa. Alishindwa kwa kubwagwa, kwa kukabwa, kwa kupigwa kiti cha chuma mgongoni, na mara moja huko Marietta alishindwa na dubu. Dubu mwenyewe alikuwa ajuza asiye na jino hata moja, akasinzia katikati ya pambano. Ikabidi Verlin ajiangushe peke yake, amvute mnyama kwa masikio amlalie, kisha apige mayowe ya kuomba msaada. Ukumbi ulishangilia mpaka vumbi likadondoka kutoka darini. Kumfanya simba aonekane simba ni kazi ya yeyote. Kumfanya dubu kibogoyo aonekane simba kunataka fundi.

Ulingoni hakuitwa Verlin. Aliitwa Kanali Dragomir, Jinamizi la Bukaresti. Alikuwa na koti la kijeshi lenye vifungo vya shaba, masharubu ya kuchorwa kwa wanja, na lafudhi aliyoitunga kwa kumwiga daktari wa meno wa mama yake. Bukaresti yenyewe hakujua iko upande gani wa dunia. Alizaliwa Pine Fork, akakulia Pine Fork, akaoa Pine Fork, na nje ya ulingo hakuwa amewahi kumtisha hata kuku.

Siri ya kazi ile ilikuwa moja: bosi ndiye aliyepanga nani ashinde, kwa mtindo gani, na dakika ya ngapi. Siri hiyo ilijulikana na kila mtu, kuanzia wachungaji hadi wauza soseji, lakini kuitamka kulikuwa mwiko kuliko kumtukania mtu mama yake. Walioigiza wabaya na walioigiza wema ulingoni hawakuruhusiwa kula meza moja, kupanda gari moja, wala kusalimiana. Kip Lindqvist, mwenye mkanda wa ubingwa, ambaye mashabiki walimwita Radi, alikuwa rafiki wa Verlin wa kufa na kuzikana. Hata hivyo, siku walipokutana kwenye foleni ya posta walilazimika kutukanana dakika tatu nzima ndipo wanunue stempu.

Vuli ya mwaka 1992 Verlin alitimiza miaka arobaini na saba. Shingo yake ilikuwa ikilia kama mlango wa ghala, na kwa mara ya kwanza maishani kulikuwa na kitu alichokitaka kwa nguvu zote. Kocha wa mieleka wa Shule ya Sekondari ya Pine Fork alikuwa anastaafu, na bodi ya shule ilimwandikia Verlin kumpa nafasi hiyo kuanzia Novemba. Ilikuwa mieleka ya kweli, ya vijana wa kweli, ambamo hakuna aliyemjua mshindi mpaka ashinde. Barua ilikuwa na sharti moja. Kwa kuwa magazeti yalijaa habari za wanamieleka na dawa za kututumua misuli, jina la kocha mpya lisiwe na doa lolote la dawa hizo. Verlin aliisoma barua ile mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Doa la bia alikuwa nalo. Doa la pai ya cheri lilikuwa kwenye barua yenyewe. Doa la dawa hakuwa nalo, na katika kampuni nzima alikuwa peke yake.

Upekee huo ulikuwa umeanza kumpa kazi miaka mitatu nyuma. Duane Prusak, mwenye kampuni ya Mieleka ya Bonde Kuu, alitangaza kwa fahari kwamba wanamieleka wake wote kumi na wanane watapimwa mkojo kila baada ya miezi miwili. Akamwajiri daktari aliyekuwa shemeji yake, na ambaye aliamini kwamba kumwangalia mtu akikojoa ni utovu wa adabu. Daktari alikaa chumba cha pili akisoma gazeti, na chupa zikamfikia zimejaa. Zilijazwa na nani? Wanaume wa kampuni ile walikuwa na shingo pana kuliko vichwa, na mishipa ya mikono kama kamba za kufungia ng'ombe. Mkojo wao ungeweza kuotesha misuli kwenye jiwe. Mwenye mkojo safi alikuwa mmoja tu, yule ambaye mwili wake ulijengwa na bia, donati na pai. Basi kila siku ya kupimwa Verlin alifika na chupa mbili kubwa za chai, zile za kutunza joto, na ndani yake hamkuwa na chai.

"Kunywa, kaka, kunywa," Kip alikuwa akimsihi, akimjazia bilauri ya juisi ya tufaha. "Leo tuko wote kumi na wanane, hakuna mgonjwa."

"Mimi si ng'ombe wa maziwa, Kip."

"Wewe ni zaidi. Hakuna ng'ombe aliyewahi kuniokolea kibarua."

Verlin alifanya hivyo bila kinyongo, maana kazi yake tangu mwanzo ilikuwa kuwafanya wengine waonekane wazuri. Ndivyo kwa miaka mitatu kampuni nzima ilivyokojoa kupitia kwake: sampuli mia tatu na ishirini na nne, zote safi kama maji ya ubatizo.

Usafi ule ndio uliowaponza. Seneta Hollis Trumbauer, mwenyekiti wa Kamati Teule ya Jimbo ya Afya ya Michezo, alikuwa mtu mrefu mwenye nywele zilizochanwa kwa imani kubwa, na uchaguzi wake ulikuwa Novemba hiyohiyo. Aliwekewa mezani vitu viwili: picha ya Kip Lindqvist akiwa kifua wazi, na matokeo ya vipimo. Aliitazama picha. Akayatazama matokeo. Akairudia picha.

"Mia tatu na ishirini na nne, asipatikane hata mmoja?" aliwaambia waandishi wa habari. "Kwaya ya kanisa langu haiwezi kupata alama hizo!"

Juma lililofuata wito wa kamati ukafika, wenye muhuri wa jimbo. Kampuni nzima ilitakiwa kufika mbele ya kamati.

Prusak alimwita Verlin ofisini adhuhuri, akafunga mlango, akamkatia nusu ya mkate wake wa soseji. Verlin akajua kuna jambo. Bosi yule hakuwa amegawa chakula tangu mazishi ya baba yake.

"Kanali," alisema Prusak. Hakuwahi kumwita kwa jina jingine, hata kwenye mazishi yaleyale. "Serikali haifurahi kusikia kwamba sisi ni wasafi. Inasema vipimo vyetu ni vya uongo."

"Ni vya uongo, bosi."

"Nani hajui ni vya uongo? Sasa kazi yetu ni kuonyesha kwamba ni vya kweli. Na kipimo cha kweli lazima kimnase mtu. Mmoja! Nimeongea na karani wa seneta, anasema mmoja anatosha. Wao wanapata mkosaji wao, sisi tunapata sifa kwamba vipimo vyetu vinafanya kazi, kila mtu anarudi nyumbani na furaha. Kip hawezi kunaswa, ana mkanda. Mapacha hawawezi, mabango yao yamebandikwa mpaka Krismasi. Nataka mtu ambaye akianguka hakuna shabiki atakayerudisha tiketi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo unalala wewe."

Katika kazi ile kulala maana yake ni kuyaacha mabega yaguse turubai huku refa anahesabu. Verlin alikuwa ameambiwa neno hilo mara nyingi kuliko alivyoambiwa habari za asubuhi, na kila mara alijibu jibu lilelile. Ulimi wake haukungoja ruhusa ya kichwa.

"Dakika ya ngapi?" aliuliza.

"Ndiyo maana nakupenda!" Prusak alisimama akampa mkono, na mkono ukishapeanwa, pambano limepangwa. "Kip ndiye atakayekojoa kwenye chupa yako. Jumatano majibu yanatoka. Alhamisi unakaa mbele ya kamati, unakana kidogo, unatetemeka, unalia, unakiri, unampa seneta mkono. Na lafudhi, tafadhali. Usiniangushe kwenye lafudhi."

"Nikiwa nimekula kiapo?"

"Kiapo kinakutaka useme kweli. Hakisemi useme kwa lafudhi gani."

Arvella, mke wa Verlin, alikuwa dereva wa basi la shule, mwanamke aliyeweza kuwanyamazisha watoto arobaini kwa kuwatazama tu kwenye kioo. Jioni ile alimtazama mumewe hivyohivyo, ng'ambo ya sahani ya viazi.

"Umekubali nini?"

"Kulala."

"Kumlalia nani?"

"Serikali."

Akamweleza. Arvella alisikiliza mpaka mwisho, akaweka uma chini taratibu.

"Na shule je, Verlin?"

Verlin alifungua mdomo. Kiazi kilikuwa bado kimo ndani, akakimeza kizima.

"Sikuikumbuka shule," alisema hatimaye.

"Hukuikumbuka! Barua umeibeba mfukoni mwezi mzima kama hirizi! Mtu anakwambia ujipake mavi, wewe unamuuliza, kwa mkono upi?"

"Ni mazoea tu, Arvella."

"Wenzako mazoea yao ni kukoroma. Kesho nenda kamwambie hapana. Ni neno fupi, hata wewe utaliweza."

Alikwenda. Neno alilitamka, lakini Prusak alilipokea kama mtu aliyetemewa mate kanisani. Hakukasirika. Alihuzunika, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Kanali, unabadilisha mwisho wa pambano baada ya kupeana mkono? Wewe? Nina walevi hapa, nina wezi, nina mmoja aliyeuza gari la mama mkwe wake likiwa na mama mkwe ndani. Lakini hata wao, nikishawaambia lala, wanalala."

Kip alikuwa amesimama mlangoni, kichwa ameinamisha, mikono haina pa kukaa kwa ukubwa wake. "Kaka, chupa imeshakwenda tangu asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Nisamehe. Niliambiwa umekubali."

Basi mkojo ulikwisha kumwagika, na sheria ya kazi ilikuwa sheria. Verlin hakuwahi kumwangusha mtu aliyepaswa kumwangukia. Alirudi nyumbani, akatoa suti yake kabatini, na usiku ule Arvella alimpa mgongo wenye maana nyingi.

Jumatano majibu yakatoka. Maabara iliandika kwamba haijawahi kukuta kiasi cha dawa kama kile kwa kiumbe anayetembea kwa miguu miwili. Gazeti la jioni la Pine Fork liliweka picha ya Verlin ukurasa wa kwanza, akiwa na masharubu ya wanja na kitambi kimemwagikia nje ya mkanda wa suruali, na juu yake herufi kubwa: KANALI ANASWA. Saa mbili usiku simu ililia. Alikuwa Bi. Twila Ruckman, mwenyekiti wa bodi ya shule. Hakugomba. Alisema tu kwamba kesho yake atakwenda mwenyewe kusikiliza ushahidi, na kwamba barua aliyoiandika anayo nakala yake, na kiberiti pia anacho.

Alhamisi ukumbi wa kamati ulijaa. Wanamieleka kumi na saba walikaa ndani ya suti zao za mazishi, mishono ikilalamika kila walipovuta pumzi. Wema walikaa kulia, wabaya kushoto, na njia katikati, kama ilivyopasa. Mezani pa kamati, nyuma ya chupa tupu na mihuri iliyoletwa kama mfano, aliketi Daktari Anselm Sadowski, mtaalamu wa kamati, mzee mkavu ambaye kwa siku tatu za kikao hakuwa ameulizwa swali hata moja. Bi. Ruckman alikuwa safu ya tatu, mkoba magotini. Arvella alikuwa nyuma yake, akiyatazama magoti ya mumewe yaliyobanana.

"Taja jina lako kamili," alisema karani wa kiapo.

Verlin alimtazama bosi wake. Prusak aligusa koo: lafudhi.

"Kanali Dragomir," Verlin akanguruma kwa Kibukaresti chake cha daktari wa meno.

"Jina la kuzaliwa, tafadhali."



"Verlin Eugene Stiltner."

Kutoka upande wa wabaya ilisikika pumzi ya hofu, na mzee mmoja aliyekuwa akiigiza mchawi tangu enzi za redio aliziba masikio asisikie uchafu ule.

Baada ya hapo pambano lilikwenda kama lilivyopangwa. Verlin alikana kidogo. Akatetemeka. Seneta Trumbauer aliinua matokeo ya maabara juu, kamera zikayaona.

"Bwana Stiltner, dawa hizi zinasemekana kujenga misuli. Kwako zilijenga upi?"

Ukumbi ukacheka. Verlin alikitazama kitambi chake.

"Umo ndani, Mheshimiwa."

Wakacheka tena, naye akaanza kulia. Machozi ya Verlin yalikuwa ya daraja la kwanza. Aliweza kuyatoa jicho mojamoja kufuatana na kamera ilikokaa. Alibakiwa na kukiri na kutoa mkono, kisha angekuwa amelala salama. Lakini seneta aliona jinsi kamera zilivyosogea, na kamera ikimsogelea mtu aliyebakiza majuma matatu apigiwe kura, akili yake nayo husogea. Akasimama, akaelekeza kidole.

"Na huyu, mabibi na mabwana, ndiye aliyekuwa akabidhiwe watoto wetu Pine Fork! Nani ajuaye kama hajawachoma sindano tayari?"

Ukumbi uliguna. Bi. Ruckman aliubana mkoba wake kwa sauti kama ya kufuli.

Sasa, katika mieleka kuna sheria isiyoandikwa popote. Mkiwa mmepanga, ukapigwa ngumi ya kweli, makubaliano yamekufa palepale. Unayo haki ya kurudisha moja, ya kweli, yenye uzito uleule. Wenyewe huiita risiti. Haitolewi kwa hasira wala chuki. Ni adabu tu, mtu asiondoke bila risiti yake.

Verlin alifuta machozi, macho yote mawili kwa mpigo.

"Hilo halikuwemo kwenye mpango, Mheshimiwa," alisema, na lafudhi ilikuwa ya Pine Fork tupu.

"Mpango gani?"

"Ule wa bosi wangu na karani wako."

Pembeni mwa meza karani wa seneta aliangusha kalamu, akainama kuitafuta, na hakuonekana tena kwa muda mrefu.

"Chupa ile si yangu," Verlin aliendelea. "Zile nyingine ndizo zangu. Zote. Mia tatu na ishirini na nne."

"Unaiambia kamati hii," seneta alisema polepole, "kwamba mkojo wa wanaume kumi na wanane kwa miaka mitatu ulikuwa wako?"

"Nilikuwa nakunywa juisi nyingi, Mheshimiwa."

"Huo ni uzushi! Huna ushahidi!"

"Ushahidi ninao. Nimeubana tangu asubuhi."

Daktari Sadowski akakohoa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyengoja siku tatu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, vifaa ninavyo hapa. Ila mimi si kama yule mwenzangu wa kampuni. Mimi huwa naangalia."

"Angalia, daktari," Verlin alisema. "Mimi nimelaliwa na dubu mbele ya watu elfu mbili."

Wakatoka wawili wale na askari wa ukumbi. Kwa dakika saba serikali ya jimbo, pamoja na bendera zake, picha za magavana wake waliotangulia, na uzito wote wa katiba, ilikaa kimya ikimngoja mtu mmoja akojoe. Aliporudi, daktari alikuwa amebeba chupa yenye joto kwa mikono miwili kama sakramenti. Akaifunga, akaipiga muhuri, akaiandika jina. Kisha akazihesabu chupa tupu zilizobaki, akawageukia wenye suti za mazishi.

"Zimebaki kumi na saba," alisema kwa upole. "Inatosha kabisa."

Katika historia ya Mieleka ya Bonde Kuu wema na wabaya hawakuwahi kutumia mlango mmoja. Siku ile waliutumia, wote kwa pamoja, na mlango ukakwama. Waliobaki walikimbilia dirishani. Kip alitoa kichwa, akatoa mkono mmoja, kisha mabega yaliyomletea mkanda wa ubingwa yakakataa katakata kupita. Alining'inia pale, nusu yake bustanini, nusu yake mbele ya kamati.

Verlin alimtazama. Halafu akaondoka kwenye kiti cha shahidi, akaenda dirishani, akaweka bega chini ya matako ya rafiki yake mbele ya kamera zote za jimbo.

"Toa pumzi, Kip. Toa yote."

"Kaka, wananiona niko na wewe!"

"Wameshaona mengi leo. Toa pumzi."

Kip akatoa pumzi, Verlin akasukuma, bingwa akatua kwenye maua ya serikali.

Hapo ndipo Duane Prusak aliposimama. Alikuwa mweupe kama turubai jipya. Alivua kofia yake, na wale waliokwama mlangoni wakaacha kusukumana, maana bosi hakuwahi kuvua kofia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "kamati hii ni ya michezo. Sisi si mchezo. Hakuna anayeshinda kwetu. Nami ndiye ninayepanga. Ni maigizo, Mheshimiwa. Je, serikali huwapima mkojo waigizaji?"

Yule mzee mchawi aliangua kilio. Mwili wake ulikuwa umevunjwa mbavu saba kuilinda siri ile, na sasa ilikuwa imemwagwa na mwenye kampuni, bila hata kuteswa. Mwanasheria wa kamati alifungua kitabu kinene, akapekua, akapekua tena, akamnong'oneza seneta. Seneta akagonga nyundo. Kikao kikafungwa kwa kukosa mamlaka juu ya sanaa.

Siku tisa baadaye maabara ilileta majibu ya chupa ya Verlin. Hamkuwa na dawa yoyote. Chini yake Daktari Sadowski alikuwa ameandika kwa mkono kwamba sukari imeanza kupanda, na mhusika apunguze pai.

Bodi ya shule ilikutana maktabani siku iliyofuata. Verlin alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti karibu na kidevu. Bi. Ruckman aliyasoma majibu, akavua miwani.

"Dawa huna. Nimeona. Lakini ulikuwa ukiuza mkojo, Bwana Stiltner?"

"Hapana, mama. Nilikuwa natoa bure."

"Umeshiriki udanganyifu miaka mitatu."

"Ndiyo, mama. Ishirini na miwili, ukihesabu na ulingo."

Mjumbe mmoja alicheka, Bi. Ruckman akamtazama, kicheko kikafa.

"Sasa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kushindwa atawafundisha nini vijana wetu?"

Verlin hakuwa ameandaa jibu. Hakuna aliyempangia.

"Mama, kuna njia nyingi za mtu kubwagwa, na mimi nazijua zote, maana nimezipitia. Nitawaonyesha mojamoja ili wazikwepe. Kushinda wenyewe itabidi watafute. Mimi mwenyewe nataka sana kuona kunavyokuwa."

Kura zilikuwa nne kwa tatu. Bi. Ruckman alipiga ya nne, akasema asije akadhani amefurahi. Nyuma ya chumba, Arvella alipuliza pua kwa kishindo kilichowarusha njiwa dirishani.

Seneta Trumbauer alishinda uchaguzi, maana picha yake akinyoosha kidole ilitoka vizuri. Desemba aliwasilisha muswada wake, ukapita bila kupingwa. Sheria ile ilikuwa kali. Iliagiza kwamba yeyote anayeshiriki mieleka ya mashindano ya kweli katika jimbo, na yeyote anayeifundisha, apimwe mkojo kila juma, mbele ya macho ya mpimaji. Mieleka ya Bonde Kuu haikuguswa, kwani ilikwisha kuandikishwa kama kikundi cha sanaa za maonyesho, na mwaka uleule ikapata ruzuku ndogo ya utamaduni.

Gavana alitia sahihi siku ileile, na mwezi uliofuata akairudia kwa sherehe. Nyuma yake, katika suti mpya iliyoshonwa kwa kitambaa cha watu wawili, alisimama Kip Lindqvist, balozi wa vijana dhidi ya dawa za kututumua misuli, akiwa amemweka gavana kivulini kabisa. Verlin alialikwa kwa kadi yenye muhuri. Akaomba radhi. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu saa tisa alikuwa na miadi na muuguzi wa shule.